Southpaw Mjini, Mkono wa Kike Nyumbani

Kuna neno moja la ndondi ambalo vijana wetu wa Kisii na Nyamira walioko Nairobi wamelishika kama jina la ukoo: southpaw. Utalisikia jimu. Utalisoma kwenye wasifu wa Instagram, limekaa katikati ya emoji ya glavu na emoji ya bendera. Msee akifunga bao kwa guu la kushoto kwenye uwanja wa mtaa, mtu anapiga kelele "southpaw!", na kila mtu anajua amesifiwa. Sasa mtoe huyo huyo mjini. Mpandishe matatu, ashuke Keroka, afike nyumbani jioni, ampe shangazi yake kikombe cha chai kwa mkono ule ule. Sifa zimeishia hapo. "Unanipa chai na mkono wa kike? Hukufunzwa?" Na wanaocheka kushinda wote ni binamu zake wa mjini, wale wale wa emoji ya glavu.

Ugomvi wangu na neno hili hauhusu Kizungu. Kiswahili hukopa tangu zamani, hata meza tunayolia tuliichukua kwa Wareno. Ugomvi wangu ni kwamba neno hili limekuwa mahali pa kujificha. Tunamsifu mtu wa kushoto kwa neno ambalo shangazi halielewi, halafu mtoto wa darasa la pili kule kijijini tunamwachia neno la kwetu, pamoja na fimbo yake.

Tuanze na maana, kwa sababu wengi wanaolitumia hawajui linasema nini. Southpaw halitaji mkono unaoandikia. Linataja namna ya kusimama. Bondia wa kawaida hutanguliza mguu wa kushoto na mkono wa kushoto, mkono huo ukidonoa na kupima umbali, na wa kulia ukikaa nyuma kama akiba ya kumwangusha mtu. Southpaw ni yule aliyegeuza: mguu wa kulia mbele, ngumi nzito ya kushoto nyuma. Ndiyo maana kuna watu wa kushoto ambao kamwe hawakuwa southpaw. Oscar De La Hoya ni mtu wa kushoto, lakini alipigana amesimama kama watu wa kulia, na ule mkono wake wa mbele ukawa moto kwa sababu ndio uliokuwa na nguvu. Kwa hiyo, ndugu yangu, kama hujawahi kuvaa glavu na unajiita southpaw kwa sababu unashika kijiko kwa kushoto, umejipa cheo cha kazi usiyoifanya. Na bao la guu la kushoto ni la guu la kushoto. Halina southpaw ndani.

Neno lenyewe lina hadithi tamu. Wanasema viwanja vya besiboli vya Marekani vilielekezwa ili mpigaji atazame mashariki, jua la alasiri lisimchome macho. Mrushaji basi anatazama magharibi, na mkono wake wa kushoto unaangukia upande wa kusini. Shida ni kwamba neno hili lilishachapishwa Marekani mwaka 1848, likiwa na maana ya konde la kushoto, na ile ligi kubwa ya besiboli, National League, ilikuja 1876. Wanabesiboli walilisambaza, kulizaa ni jambo lingine.

Halafu angalia nusu ya pili ya neno. "Paw" ni mguu wa mnyama, wa paka, wa mbwa, wa dubu. Nusu ya kwanza ni kusini. Kiarabu nacho, ambacho kimetupa maneno mengi, hutumia neno moja, shimali, kwa kushoto na kwa kaskazini, kwa kuwa aliyekuwa akipima dunia alisimama akitazama jua linapochomoza. Kwa Mmarekani kushoto ni kusini, kwa Mwarabu kushoto ni kaskazini, na jua ni lile lile. Kisii iko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, kwa hivyo kwa jiografia mikono yetu yote ni ya kusini, wa kulia na wa kushoto. Nasema hivi ili tuache kuliogopa neno hili kana kwamba limeshuka na elimu fulani. Ni utani wa watu wa nchi nyingine uliokaa vizuri mdomoni.

Lakini michezo imejua jambo ambalo nyumba zetu zimekataa kulijua. Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani hutumia kushoto. Kwa uchache huo, bondia wa kulia hufanya mazoezi mwaka mzima akipigana na watu wa kulia, halafu siku moja anakutana na mtu ambaye kila kitu chake kinatoka upande usiotarajiwa. Miguu inagongana. Ngumi inayozoeleka kutoka kulia inatoka kushoto. Hakuna uchawi hapo. Ni uhaba tu, na uhaba una faida kwa anayeumiliki.

Faida hiyo iliwatisha wenye ndondi wenyewe. Makocha wa zamani waliwageuza vijana wa kushoto wasimame kama watu wa kulia, na mameneja waliwakwepa southpaw kwa sababu hakuna aliyetaka bingwa wake aaibishwe na mtu asiyeeleweka. Tangu James Corbett ampige John L. Sullivan kwa glavu mwaka 1892, dunia ilingoja mpaka Aprili 1994 kumpata bingwa wa kwanza wa uzito wa juu aliyesimama hivyo, Michael Moorer, alipomshinda Evander Holyfield. Miaka 102. Usiniambie katika miaka yote hiyo hakukuwa na mwingine anayeweza. Walikuwapo. Waligeuzwa, au walinyimwa mapigano.

Majirani zetu hawakungoja hivyo. Ayub Kalule wa Uganda alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974, akaongeza dhahabu ya dunia ya mabondia wa ridhaa kule Havana mwaka huo huo, na 1979 akawa bingwa wa dunia wa WBA. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala, alitwaa taji la WBC mwaka 1981. Kassim Ouma, aliyechukuliwa akiwa mtoto kwenda kushika bunduki, alitwaa la IBF mwaka 2004. Hao watatu wote ni southpaw, wa ulingoni hasa. Kutoka Kisii mpaka mpaka wa Uganda ni safari ya nusu siku. Mifano ya mkono wa kushoto uliofika juu kabisa imekuwa jirani muda wote huo, na bado tukitaka mfano tunaenda Marekani.

Sasa turudi kwa maneno yetu wenyewe, maana humo ndimo uchungu ulimo. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, ndivyo neno linavyosema lenyewe. Ni jina la kazi. Halina ubaya wowote. Jina jingine la mkono huo ndilo lenye maneno: mkono wa kuume, mkono wa kiume. Na mwenzake akaitwa mkono wa kike. Fikiria vizuri kilichofanyika hapo. Mkono uliodhaniwa dhaifu ulitafutiwa jina, na jina lililochaguliwa likawa la mama zetu. Kwa hivyo mtoto wa kiume akiambiwa anatumia mkono wa kike, ametukanwa mara mbili kwa pumzi moja, na dada yake aliyekaa pembeni ametukanwa bila hata kugusa kitu.

Tena katika nchi hii ya chai! Nenda Kebirigo au Nyansiongo asubuhi, ukungu ukiwa bado shambani, umtazame mwanamke anayechuma. Hachumi kwa mkono mmoja. Kulia na kushoto vinakwenda pamoja, majani mawili na chipukizi, vinarusha nyuma ya bega kwenye kikapu kabla hujaona kilichochumwa. Ukimwambia achume kwa mkono wa heshima pekee, kilo zake zitapungua nusu, na karo yako nayo. Mkono wa kike umesomesha nusu ya wanaoucheka. Hata kule Tabaka, kwa wachonga mawe ya sabuni, mkono unaoshika jiwe unafanya kazi sawa na unaoshika kisu. Uache usingizie uone kama kifaru atatoka na pembe.

Na tukitaka desturi, tuitaje yote. Kwa Abagusii, mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba, mwanamke upande wa kushoto. (Wazee wanaweza kubishana mchana kutwa kama ni kulia ukitazama mlango au ukitoka mlangoni, wacha wabishane.) Upande wa kushoto, basi, kwa mila hizo hizo tunazotajiwa kila tukikosea kikombe, ni upande wa mama. Tunamlaza hapo, tunapanda maua hapo, tunafika hapo Desemba tukiwa na miwani ya jua kuficha macho. Halafu tunageuka tunautumia upande huo huo kumwaibisha mtoto. Mimi sioni heshima ya mila katika jambo hilo.

Tena sisi ni watu wa mbio, na mbio ni mchezo wa kushoto. Sitanii. Kanuni ya riadha ya dunia inasema wanariadha wakimbie mkono wa kushoto ukiwa ndani, yaani kila kona hukatwa kuelekea kushoto. Haikuwa hivyo siku zote, maana Olimpiki ya Athens ya 1896 walizunguka kinyume. Lakini Nyandika Maiyoro alipokwenda Melbourne 1956 na Roma 1960, alizunguka kwa kushoto. Naftali Temu alipoipa Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, alizunguka mara 25, akiegemea kushoto kila kona. Charles Asati na Robert Ouko walipokuwa kwenye kikosi cha kupokezana vijiti kilichoshinda Munich 1972, ni hivyo hivyo. Fahari yetu yote ya michezo imejengwa kwa kuegemea upande tunaowakataza watoto.

Wakatazwaje? Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na sitaipunguza. Nilisoma shule moja ya msingi Nyamira ambayo sitaitaja. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alikuwa na dawa yake ya kushoto: rula ya mbao, upande mwembamba, juu ya vifundo vya vidole. Kwa muhula mmoja nikawa "nimepona". Mpaka leo mwandiko wangu ni wa mtu anayeandika ndani ya gari linalotembea, na kila kitu kingine, panga, kijiko, simu, mpira, nafanya kwa kushoto. Magokoro wangu, Mungu amlaze pema, ndiye peke yake aliyeniacha nile ugali wa wimbi kwa mkono niutakao, mradi niwe nimenawa. Alikuwa akisema tumbo haliulizi.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo, utasema. Sheria imebadilika. Kweli, viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, Katiba ya 2010 kifungu cha 29 ikasema hakuna mtu wa kuadhibiwa kikatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu ya mwili na hata mateso ya akili. Rula imerudi kwenye droo, angalau kwenye karatasi. Lakini nenda ukae nyuma ya darasa la watoto wa miaka sita. Mkono unaondolewa tu, kalamu inahamishwa, "tumia ule mzuri", mara ishirini kwa siku, kwa sauti ya upole. Watoto wengine wanacheka. Mtoto anajifunza kwamba mkono wake mmoja ni mbaya. Hakuna sheria iliyovunjwa ambayo mkaguzi ataiona, na bado kitu kimevunjika.

Na uwanjani? Mpira wa magongo ndio mfano unaoniuma zaidi, kwa sababu mchezo wenyewe umekataa kabisa. Gongo la magongo lina upande mmoja bapa, nao umewekwa kwa ajili ya mtu wa kulia. Gongo la kushoto haliruhusiwi na kanuni. Msichana wa kushoto anayeanza magongo kidato cha kwanza hana la kufanya ila ajigeuze. Sawa, ni mchezo mmoja. Lakini mwalimu wa michezo anapotumia mfano huo kumwambia arushe mkuki kwa kulia na apige mpira wa wavu kwa kulia, amechukua faida aliyopewa bure na kuitupa.

Wanaosema maneno hayabadiliki, eti kila mtu ataendelea kusema mkono wa kike, watazame kriketi. Mchezo huo ulikuwa na neno la ajabu kwa mrushaji wa kushoto anayezungusha mpira kwa kifundo cha mkono: walimwita "chinaman", Mchina. Watu walilitumia kwa miongo mingi wakisema ni istilahi tu, halina nia mbaya. Mwaka 2018 kitabu cha Wisden, ambacho kwa kriketi ni kama msahafu, kiliacha kulitumia. Mpira unazunguka vile vile. Kriketi hiyo hiyo ndiyo iliyotupa Asif Karim wa Mombasa, mkono wa kushoto, ambaye Machi 2003 kule Durban kwenye Kombe la Dunia aliwarushia Australia, mabingwa wa dunia, ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu na kuwang'oa watatu. Wakenya wangapi wa umri wetu wanamjua? Tungekuwa na neno letu la kumsifia mtu wa namna hiyo, labda jina lake lingekaa.

Neno lipo. Mashoto. Liko kwenye kamusi, Watanzania wanalitumia bila kuona haya, na ni fupi kutosha kutoshea popote. Mashoto ni mtu. Southpaw ni msimamo. Mtangazaji wa ndondi abaki na southpaw lake anapoeleza nani ametanguliza mguu gani, maana hapo linasema kitu. Lakini mrushaji mkuki, fundi, mwandishi, beki wa kushoto wa Shabana pale Gusii Stadium ikiwa kweli mguu wake ndio huo, na mtoto wa darasa la pili, hao ni mashoto. Nataka neno linalomsifu bondia liwe ndilo linalomtaja mtoto, ili mtu akitaka kumtukana mtoto ashikwe na aibu kidogo kwamba anamtukana na bingwa.

Nimeshasikia majibu. La kwanza ni usafi, kwamba mkono wa kushoto una kazi zake chooni. Sabuni haina upande. La pili ni kanisa, kondoo kulia, mbuzi kushoto. Msomaji huyo aendelee kusoma: kitabu cha Waamuzi kina Ehudi, mashoto aliyewaokoa watu wake kwa sababu hakuna aliyeutazamia mkono huo, na sura ya 20 ina mashoto 700 wa Benyamini wenye kombeo zisizokosea. Jibu la tatu ni gumu zaidi, nalo hutoka kwa watu wenye upendo: dunia imetengenezwa kwa watu wa kulia, mikasi, madawati, mashine, kwa hiyo tumsaidie mtoto ageuke mapema asije akateseka. Naliheshimu hilo. Lakini tazama anayeteseka sasa ni nani, na anateswa na nini. Mikasi haijawahi kumpigia mtu kelele mbele ya darasa.

Shangazi mwenyewe simlaumu sana. Alipokea aliyopokea. Anayeniudhi ni binamu wa mjini, mwenye neno la sifa mfukoni na anajua maana yake, ambaye chai ikipitishwa anachagua kucheka. Safari hii asicheke. Achukue kikombe kwa mkono wowote aliopewa, anywe, kisha amtafute yule mtoto anayefanya homuwaki mezani na amsaidie kitu ambacho mwalimu wake huenda hajui. Daftari alilaze mshazari, juu yake pakielekea kulia, ili mkono usiburuze wino. Na Jumatatu akienda shule aombe kukaa mwisho wa deski upande wa kushoto, ambapo kiwiko chake hakitagonga cha mtu.